Besi Isiyosikika Sebuleni

Jina la Zito alipewa na watu wasio na huruma. Ni mwembamba hasa. Akisimama kando ya waya wa spika inabidi uulize yupi ni yupi, na feni ikiwashwa kwa nguvu anatafuta ukuta wa kushika. Lakini kwenye yale makundi ya simu ambako watengeneza biti za muziki wanatukanana kwa upendo kutwa nzima, hakuna anayemwita vingine. Akituma sauti yake, hata kipande kidogo tu, mtu mwenye hedifoni nzuri lazima aandike: "Oya, nani kahamisha jengo?"

Ndiyo kazi yake hiyo, kutengeneza sauti za besi. Siyo wimbo mzima, tuelewane. Haimbi, na ukimlazimisha aimbe atakohoa mpaka mkate tamaa. Yeye anashughulika na sauti moja tu, ile ya chini kabisa, nene, inayoingilia miguuni, ambayo isipokuwepo watu wanakaa na ikija wanasimama bila kujua nani kawasimamisha. Anaikoroga kwenye laptopu, kwenye programu ya sinthi, yaani kinanda cha kutengenezea sauti, anaipa jina, anawapa wenye nyimbo zao waende nayo. Majina yenyewe sasa! "Shemeji Akikoroma." "Tumbo la Kiboko." "Mwenye Nyumba Anagonga." Ipo moja inaitwa "Samahani Jirani," ingawa jirani hajawahi kusikia chochote.

Na hapo ndipo penye mkasa wenyewe. Jirani hajasikia, na watu wa nyumbani kwake hawajasikia pia.

Besi nzito ina maringo. Haiingii mahali padogo. Kale kaspika ka simu kenye ukubwa wa kifungo cha shati kataitolea wapi ngurumo? Spika za laptopu nazo ni hivyohivyo. Zito alikuwa na sabufa zamani, umeme ukakatika ukarudi na hasira, sabufa ikatoa moshi ikapumzika kwa amani. Amebaki na hedifoni tu, kubwa, nyeusi, upande mmoja umefungwa kwa gundi ya karatasi. Mle ndani ya hedifoni dunia inatetemeka. Nje yake kuna kijana mwembamba amekaa pembeni ya sebule, macho yamefumbwa, kichwa kinatikisika, na hakuna mlio wowote. Mgeni akiingia anaulizia kwa sauti ya chini kama huyu ndugu anaendelea vizuri na dawa.

Aliwahi kutuma "Tumbo la Kiboko" kwenye kundi la familia. Kazi ya wiki nzima ile, bwana. Mama mdogo akajibu: "Mbona haifunguki?" Binamu mmoja akaandika: "Nimesikia kama saa ya ukutani." Shemeji, mume wa dada yake, ambaye huwa hasomi kinachotumwa, akajibu: "Amina."

Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Debe la Zito lilikuwa limejaa mpaka juu na halikuvuma hata kidogo.

Alikuwa anaishi kwa dada yake. Dada ni msusi, na sebule ndiyo saluni. Wateja wanakaa kwenye kochi, dada anakaa nyuma yao kwenye kiti kirefu, vidole vinakwenda, mdomo nao unakwenda. Pembe ya dirishani ilikuwa ya Zito: meza, laptopu, kibodi ndogo ya kinanda yenye vitufe viwili vilivyong'oka, na lile rundo la nyaya ambalo dada alikuwa analiita "ukoo wako." Asubuhi Zito yuko dobi, kwenye zile mashine kubwa za kufulia mashuka ya wageni wa hoteli. Mchana anarudi, anaoga, anavaa hedifoni, anapotea.

Dada alikuwa mtetezi wake. Huyo mwanamke amemtetea mdogo wake misibani, harusini, na kwenye simu za wajomba wanaopiga kuuliza "yule kijana anafanya nini hasa?" Alikuwa anajibu, "Anafanya mambo ya sauti," kana kwamba hilo ni jina la kazi lililonyooka, halafu anabadilisha mada haraka kabla hajaulizwa sauti ipi. Maana yeye mwenyewe alikuwa hajaisikia. Zito alimvalisha hedifoni siku moja, lakini dada ana misuko minene imejaa kichwa kizima kama mkungu, na hedifoni isipobana sikio vizuri besi yote inatoroka pembeni. Akasikiliza kwa heshima. Akavua.

"Inagonga," alisema.

"Inagonga vipi?"

"Ti, ti, ti. Nzuri, mdogo wangu. Nzuri sana."

Zito aliumia kwa lile "nzuri sana" kuliko angetukanwa.

Sasa, dada ana binti mmoja, mpwa wake Zito, ambaye tangu azaliwe analala katikati ya baba na mama. Mtoto amekua. Analala kama mshale wa saa, anazunguka kitanda kizima, na kila akifika kwa baba yake anampa teke la mbavu. Shemeji ni mtu wa ghalani, anapanga magunia kutwa, haongei sana. Lakini asubuhi moja aliingia sebuleni ameshika ubavu, akaangalia pembe ya dirishani kwa muda mrefu, akaondoka. Jioni yake akarudi na kitanda cha mtoto, kimefunguliwa vipande vipande. Akakiegemeza ukumbini kwenye njia ya kwenda msalani, na tangu hapo kila mtu mle ndani alikuwa anajikwaa nacho na kutaja majina ya watakatifu.

Dada alimwambia Zito huku anamsuka mteja, bila kuinua macho.

"Kitanda cha mwanangu kinakaa dirishani. Jumapili."

"Na meza?"

"Meza inatoka. Wewe hutoki, usinielewe vibaya. Kochi lako lipo palepale."

"Dada, mchana kochi ni la wateja. Nikitoka pale sina pa kufanyia kazi."

"Najua."

"Basi si ndiyo kusema niache?"

Vidole vya dada vikasimama. Mteja naye, ambaye shingo yake ilikuwa imekunjwa kama kijiko, akanyamaza ili asikie vizuri.

"Mdogo wangu," dada akasema, "nimekutetea mpaka maneno yameniishia. Mume wangu anapigwa mateke na damu yake mwenyewe. Nimwambie avumilie kwa sababu ya nini? Nimwambie kuna kitu pale dirishani? Kitu gani? Mimi sijakisikia hata siku moja. Hata kimoja, Zito!"

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira angalau ungeijibu.

"Jumamosi utasikia," Zito akasema.

Maana kulikuwa na Jumamosi. Ukumbi mmoja mkubwa ulikuwa na shindano la kudansi, mchana, makundi ya vijana yanashindana mbele ya majaji. Mwenye mitambo pale ni Selekta, mzee wa makamo mwenye kitambi cha heshima na taulo shingoni, ambaye kazi yake ni kupiga muziki na kulalamika kuhusu muziki wa siku hizi. Kwenye kundi la simu Selekta ndiye anayeogopwa, kwa kuwa anasema ukweli na hatumii alama za kucheka. Vijana wa kundi mojawapo la kudansi walikuwa na biti yao tayari, lakini besi yake, kwa maneno ya Selekta, "inapiga kama mtu anayeomba ruhusa." Akawaambia watafute nyingine. Akamtumia Zito ujumbe: "We mwembamba. Nipe kitu cha kubomoa."

Basi Zito akabomoa.

Alianzia kazini, dobi. Ile mashine kubwa ikimaliza kufua inaanza kukamua, na pale mwanzo, kabla haijashika kasi, inatoa mgurumo unaopanda taratibu kama mnyama anaamka na hataki kuamka. Zito aliizungushia simu taulo, akaiweka juu ya mfuniko, akarekodi. Mama mwenye dobi akamkuta ameinama pale, sikio limelala kwenye bati.

"Unairekodi mashine yangu? Imekukosea nini?"

"Inaimba, mama."

"Ikiacha kuimba utailipa wewe."

Nyumbani akaweka chini kwanza wimbi la kawaida la sinthi, laini, halina kona, akalishusha noti kwa noti mpaka likawa halisikiki tena ila linakugusa tu. Hilo ndilo tumbo. Juu yake akalaza mgurumo wa mashine, akauchuja ubaki wenye kifua tu, yale makelele ya bati yaondoke. Halafu akatia uchafu, maana besi safi kupita kiasi ni kama mtu anayecheka na mkono mdomoni. Kichujio akakifanya kifunguke polepole kila noti inapoanza, sauti itoke imefumba kinywa halafu ipanuke: mmmuaaau. Mpwa wake alikuwa amekaa chini ya meza anachezea nyaya, akamuuliza, "Mjomba, mbona unafanya mdomo kama samaki?" Zito mwenyewe hakujua kwamba alikuwa anaifuatisha kwa mdomo.

Akaiita "Kifaru Kachelewa Kazini."

Ikabaki hatua moja, na hapo ndipo mganga aliposhindwa kujiganga.

Kwenye programu kuna sehemu ya kupanua sauti. Inachofanya, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kulipa sikio la kushoto kitu kimoja na sikio la kulia kinyume chake. Huku kunasukuma, kule kunavuta. Ukiwa ndani ya hedifoni unahisi kichwa chako kimekuwa uwanja wa ndege. Watu wa besi wanaonyana kuhusu hiyo kitu kila siku. Besi iache katikati, na kama umeipanua, kabla hujaitoa, unganisha pande mbili ziwe moja usikie kinabaki nini. Zito ndiye alikuwa hodari wa kuwasimanga wenzake kwa hilo. Kijana akileta besi kwenye kundi, yeye wa kwanza kuuliza: "Umeiunganisha ukasikiliza, au umesikiliza kwa imani?" Watu wanacheka, kijana anafuta ujumbe wake.

Siku hiyo alipanua Kifaru kidogo. Akapanua tena kidogo. Akasikia uti wa mgongo unasogea. Ilikuwa nzuri mno, na mtu akishapenda haulizi maswali ya kuharibu. Kitufe cha kuunganisha kilikuwepo pale chini kulia, kinamtazama. Hakukibonyeza. Akamtumia Selekta, na Selekta akasikiliza kwa hedifoni zake, akajibu neno moja bila alama yoyote: "Mungu."

Zito alitembea nyumba nzima na lile neno, mpaka akajikwaa kwenye kile kitanda cha mtoto.

Jumamosi ikafika. Dada alifunga saluni, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na homa, akavaa gauni lake la kijani, akamvalisha binti yake viatu vya kubana. Shemeji alikuwa zamu. Njiani dada hakusema mengi. Alipofika mlangoni pa ukumbi tu akamshika Zito kola, akaiweka sawa, akamwambia, "Nimekuja na masikio yote mawili."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Bati juu, sakafu ya mbao iliyochakaa, spika zimepangwa kila upande, nyingine mbele nyingine nyuma, na Selekta yuko juu kwenye kijukwaa chake na taulo lake, jasho linatiririka kabla hata hajafanya kitu. Dada na mpwa wakapata viti safu za mbele. Zito hakukaa. Alisimama kando ya kiti cha dada, mikono mfukoni, amekauka.

Vijana wakaingia. Mwanzo wa biti ni vigongo vyepesi vya ngoma, na wao wanatembea tu, wanazunguka, wanajivuta. Wamepanga kwamba besi ikianguka na wao wanaanguka, wote kwa pamoja, magoti chini, kama mtu kawakata kamba. Vigongo vikaongezeka. Watu wakaanza kupiga makofi. Zito akafumba macho. Sasa. Sasa hivi...

Ti, ti, ti, ti.

Wawili walianguka, watatu wakabaki wamesimama, mmoja alining'inia katikati kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Vigongo vinaendelea. Chini yake hakuna kitu. Kule Kifaru alikotakiwa kuwepo kulikuwa na shimo, na kijifununu cha mkwaruzo kwa mbali, kama panya kwenye bahasha. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Majaji wakaangaliana.

Dada akainua uso. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama kama unavyomtazama mgonjwa uliyeambiwa amepona.

"Ndiyo hiyo?" akamuuliza taratibu.

Zito alikuwa ameshaelewa. Alielewa palepale, kwa tumbo kabla ya kichwa. Spika zipo pande zote. Mwenye mitambo mwenye akili hawezi kuwapigia wa kushoto kitu kimoja na wa kulia kitu kingine; ataunganisha. Na zikiunganishwa, inayosukuma inakutana na inayovuta. Ni kama watu wawili wanasukuma mlango mmoja, mmoja yupo ndani mwingine nje, kwa nguvu sawasawa. Wanatoka jasho na mlango hausogei.

Akapita mbele ya majaji kwa kukimbia. Kuna aliyesema "Kijana!" kwa ukali, lakini kwa wembamba ule hakuna aliyepata pa kumshika.

"Besi yako iko wapi?" Selekta alimpokea bila salamu. "Umenipa gari halina injini, bwana wewe! Juzi ilikuwepo!"

"Ipo. Umeunganisha pande mbili?"

"Tangu siku niliyokabidhiwa huu ukumbi. Wa kushoto walie wa kulia wacheke? Naunganisha."

"Basi inajifuta yenyewe."

Selekta akamtazama. Akamtazama tena. Uso wake ukaanza kufunguka taratibu, na siyo kwa furaha.

"Uliipanua," akasema.

"Niliipanua."

"Besi?"

"Ndiyo."

"Na hukuiunganisha ukasikiliza. Wewe! Wewe bingwa wa kuwauliza watoto wa watu wamesikiliza kwa nini?"

"Kwa imani, mzee. Nilisikiliza kwa imani. Makosa ni yangu, nitaliandika kwenye kundi mwenyewe, mtanichana mpaka mtosheke. Lakini sasa hivi chomoa huo waya mwekundu."

Nyaya zilizotoka kwenye laptopu ya Selekta zilikuwa mbili, mwekundu na mweupe, kulia na kushoto, zimechomekwa kwenye mitambo ubavu kwa ubavu. Ukitoa mmoja unabaki na upande mmoja tu. Hakuna wa kumsukuma mwenzake.

"Nichomoe waya biti ikiwa hewani?" Selekta akashika kifua. "Spika zikitoa 'pa' moja hapa, yule jaji wa mwisho tunamzika!"

"Shusha sauti kwanza. Chomoa. Pandisha."

"Na ikikataa?"

Zito akaangalia chini ukumbini. Dada alikuwa amempakata binti yake, amemziba masikio kwa viganja, labda kwa ajili ya miluzi, maana sasa ilikuwa mingi. Alikuwa ameanza kutafuta mkoba wake chini ya kiti.

"Mzee, chomoa," akasema, na sauti yake ilivunjika katikati.

Selekta alikuwa na mabaya mengi lakini sikio lake ni la mtu mzima. Alisikia ule mvunjiko. Akashusha sauti ukumbi mzima ukabaki na miluzi tu, akavuta waya mwekundu, akairudisha biti nyuma kidogo, akawaonyesha wachezaji dole gumba. Wale vijana wakarudi mahali pao, wana nyuso za watu wanaokwenda kunyongwa mara ya pili. Vigongo vikaanza. Selekta akapandisha.

Kifaru akaingia.

Haikuwa kubwa kama ilivyokuwa kwenye hedifoni. Ule uwanja wa ndege haukuwepo, na baadhi ya vigongo vya kulia vilipotea na waya wake, hakuna aliyeviulizia. Kilichobaki kilikuwa kimesimama katikati ya ukumbi kwa miguu yake yote minne. Bati la paa likaanza kulia peke yake. Chupa ya maji ya jaji wa mwisho ikatembea juu ya meza, mwenyewe anaitazama tu. Vijana wakaanguka, wote, pamoja, na ile sakafu ya mbao ikawa kama imeanguka nao, na ukumbi mzima ukatoa sauti moja ya "eh!" kama watu waliokosa ngazi gizani. Halafu ile mdomo-wa-samaki ikapanuka, mmmuaaau, na hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti.

Isipokuwa dada.

Dada alikuwa amekaa palepale, mkoba mapajani. Mara ya kwanza alitazama sakafu, kisha akageuka nyuma kuona nani anatikisa kiti chake. Hakukuwa na mtu. Akaweka kiganja kwenye ubao wa kiti cha mbele kilichoachwa wazi, akakiacha pale. Ilipopiga tena akakitoa haraka kama kimeng'atwa, akakirudisha. Mpwa alikuwa amesimama juu ya miguu ya mama yake na vile viatu, mdomo wazi, anajishika tumbo. "Mama, ipo humu!" Huwezi kusikia mtoto kwenye kelele ile, lakini Zito kule juu aliusoma mdomo wake wote.

Kisha dada akamtafuta kwa macho. Akampata, kule kijukwaani, kijana mwembamba ameshikilia meza ya mitambo kwa mikono miwili. Akamwonyesha kidole, akajionyesha kifuani, akafungua mikono: yaani, hiki? Wewe? Zito akatikisa kichwa kukubali. Dada akafunika uso kwa mkoba.

Vijana walishika nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa na mtu anayeruka sarakasi, na kwa mtu wa sarakasi hata besi inasalimu amri.

Walipokutana nyuma ya ukumbi, kwenye njia ya kupitishia vyombo, dada alimpiga Zito bega kwanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada! Nimekuambia kila siku ya Mungu!"

"Ulinieleza. Hukunisikilizisha. Mimi nimekaa na hicho kidude sebuleni kwangu muda wote huo, nasuka watu, nakuombea, kumbe kipo." Akajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira, kama linamdai. "Kimenisukuma. Kimenisukuma hapa, Zito. Nilidhani ni presha."

"Basi meza ibaki?"

Dada akashusha pumzi. Hilo nalo lilikuwa kweli: nyumba haikuwa imeongezeka ukubwa tangu asubuhi.

"Meza haibaki," akasema. "Mtoto alale wapi? Kitanda kinaingia kesho kama nilivyosema." Zito akaanza kuinamisha kichwa. "Usiniinamishie kichwa, sijamaliza. Yule mzee mwenye taulo anaitwaje?"

"Selekta."

"Mzee Selekta!"

Selekta alikuwa anakunja nyaya mlangoni pa stoo yake ya vyombo. Dada akamfuata kwa ile hatua ambayo wauza nywele za bandia wote wanaijua, na wakiiona wanaficha mzigo mzuri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii stoo ina dirisha?"

"Ina dirisha. Kwani vipi?"

"Mdogo wangu anataka pembe. Meza moja, kiti kimoja. Mchana tu."

Selekta akacheka. "Huyu? Leo kaniaibisha mbele ya majaji! Besi yake imejifuta mpaka nikachomoa waya!"

"Na nani kakwambia uchomoe waya?"

"Yeye."

"Sasa kesho mwingine akikuletea kitu kinachojifuta, utamwita nani?"

Selekta akajaribu upande mwingine. "Stoo ina panya, mwanangu."

"Wakimsikia watahama wenyewe."

"Ina vumbi."

"Atafagia. Na mabinti unao? Nitawasuka. Wote."

"Ninao wanne," Selekta akasema, na hapo akawa ameshashindwa, maana alisema kwa uchovu wa mtu ambaye kila mwisho wa mwezi anazungukwa na vichwa vinne vinalia. Akavua ufunguo kwenye mkufu wake. Akaushikilia bado. "Lakini sharti. Chochote anachotengeneza humu ndani, kabla hakijatoka, kinapita kwenye spika zangu. Zikiwa zimeunganishwa."

"Kitapita," Zito akasema.

"Sikuulizi wewe, namuuliza mkubwa wako."

"Kitapita," dada akasema, akapokea ufunguo, akauweka kwenye mkono wa Zito na kuukunja mkono wenyewe. Simu yake ikaita. Alikuwa shemeji, anatoka zamu, anauliza vipi huko, vipi kijana. Dada akaiweka sikioni, akajaribu kuanza sentensi, akashindwa. Akajaribu nyingine. Mwisho akamwambia mumewe, "Huwezi kuelewa kwa simu. Kesho ukibeba hiyo meza kuileta huku, kaa kidogo."

Zito alikuwa ameshafungua mlango wa stoo. Mpwa wake akaingia mbele yake na vile viatu vya kubana, akaenda moja kwa moja kwenye spika kubwa kuliko zote, akaikumbatia kwa mikono yote miwili, shavu limelala kwenye kitambaa.

"Mjomba," akasema, "iwashe."